Mteja hajamalizia pesa: umpigie simu, umpeleke kwa mwenyekiti, umwandikie barua au umfungulie kesi?

Mimi ni fundi umeme. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, Goba, Dar es Salaam, pointi 64 (pointi ni sehemu moja ya kifaa, kama taa au soketi), kila pointi shilingi 12,000. Jumla 768,000. Mzee mwenye nyumba alinipa 300,000 siku naanza. Nikalaza mabomba, nikavuta waya, nikafunga swichi, soketi na DB (boksi la kugawia umeme), taa zikawaka. Zikabaki 468,000. Miezi minne baadaye nilikuwa nimeshakwenda kwake mara sita. Kila safari daladala na boda zinakula 6,000 kwenda na kurudi, na siku ya kazi niliyoiacha si chini ya 40,000. Usiku mmoja nilikaa na daftari nikajumlisha, nikakuta nimetumia 276,000 kufuata 468,000. Hata angenilipa kesho yake, kwenye deni hilo mkononi ingebaki 192,000 tu.

Tangu hapo nimelinganisha kila njia ya kudai ninayoijua, zangu na za mafundi wenzangu wa bomba, vigae, rangi na makabati. Kosa letu wengi ni lile lile: tunachagua njia kwa kufuata hasira. Mwezi wa kwanza simu za upole, wa pili maneno makali, wa tatu tunatishia polisi, wa nne tunamwachia Mungu. Njia ya kudai inatakiwa ichaguliwe kwa kuangalia kwa nini huyu mtu hajalipa. Asiye na pesa ukimpeleka mahakamani utapata hukumu ya kuweka kabatini. Mwenye pesa asiyetaka kulipa ukimpa awamu, umempa kalenda nyingine ya kukupigia.

Sababu utaijuaje?

Wateja wasiolipa niliokutana nao wako wa aina nne. Kuna ambaye hana kweli: ujenzi umemla, bati zimepanda, mkopo umechelewa. Kuna anayo, ila wewe umeshamaliza kazi na fundi wa milango bado hajaanza, kwa hiyo pesa inakwenda kwa yule anayemhitaji kesho. Kuna anayeinung'unikia kazi yako kimyakimya. Na kuna ambaye naye anadai: mkandarasi aliyekupa kipande cha kazi yake, au ofisi ambayo karatasi zako zimekwama kwa mhasibu.

Swali moja linawatenganisha vizuri kuliko yote niliyojaribu. Usiulize "utanilipa lini?", maana jibu lake ni tarehe ya uongo. Muulize hivi: "Mzee, kwa leo naweza kupata hata elfu hamsini?" Halafu nyamaza, msikilize. Asiye na pesa atakupa ishirini, au atakutajia inakotoka pesa anayoisubiri: kuna kiwanja anauza, kuna kikoba kinavunjwa mwezi wa kumi na mbili. Asiyetaka atakupa hadithi mpya ambayo haina uhusiano na ile ya wiki iliyopita. Mwenye manung'uniko, hapo ndipo atayatoa.

Yule mzee wa Goba nilipomuuliza hivyo akaniambia, "Fundi, ile taa ya barazani inawaka inazima yenyewe. Mimi nalipa kazi iliyokwisha." Miezi minne nampigia, hajawahi kulitaja. Nilikwenda na testa na bisibisi, nikafungua swichi, nikakuta waya haujabanwa sawasawa kwenye skrubu. Dakika ishirini. Kosa lilikuwa langu, na safari sita zote nilikuwa nafuata pesa bila kuuliza hali ya kazi. Kwa mteja wa aina hii njia zote nitakazozitaja chini hazina maana mpaka kasoro irekebishwe, au mtu wa tatu aje kuiangalia na kusema haipo.

Simu, ujumbe, au kumfuata

Simu ni rahisi na ina heshima yake. Kwa mtu mzima anayekuzidi umri, kuanza na ujumbe mkavu kunaonekana kama umemvunjia adabu. Lakini simu haiachi alama. Akikugeuka miezi sita baadaye akasema "mimi nilijua tumemalizana kwa laki tatu", huna cha kuonyesha.

Ujumbe wa maandishi unaacha alama, na ndiyo sababu mimi sasa napiga simu kwanza, halafu ndani ya saa moja naandika tulichozungumza. Kwa mfano: "Shikamoo mzee. Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyoongea, kazi ya umeme ilikuwa 768,000, nimepokea 300,000, imebaki 468,000, na umesema utaanza kulipa tarehe 5. Naomba unithibitishie." Akijibu "sawa fundi", hayo maneno mawili yana thamani kuliko simu arobaini. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayoruhusu ujumbe wa aina hii kupokelewa kama ushahidi, ilimradi uweze kuonyesha umetoka kwake na haujachezewa. Kwa hiyo usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi, na meseji za M-Pesa za malipo ya mwanzo zitunze. Zinaonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyetuma.

Sauti za WhatsApp ziko katikati. Zinasikika vizuri, ila kumsikilizisha hakimu sauti ya dakika nne ili apate sentensi moja ni kazi. Ukitumiwa sauti, jibu kwa maandishi: "Nimekusikia, umesema tarehe 20."

Kumfuata nyumbani au saiti kuna nguvu, maana mtu akikuona usoni ni vigumu kukupiga chenga. Tatizo ni gharama, nimeshakuonyesha hesabu. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba deni lililo chini ya malipo yangu ya siku tano silifuati kwa miguu zaidi ya mara mbili. Na nikienda naenda asubuhi, mwenyewe, bila kundi la vibarua nyuma yangu. Ukienda na vijana wanne unageuka mtu wa fujo mbele ya majirani, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye pesa yanakwenda kwenye tabia yako.

Kumpunguzia au kumgawia awamu

Hapa mafundi wengi tunaumia. Mteja anasema, "Nipunguzie hapo, nikupe laki tatu tumalizane." Wewe una kodi ya chumba, unakubali, halafu hiyo laki tatu nayo inachukua mwezi. Umepoteza 168,000 na bado unadai.

Punguzo ni zuri kwa mtu aliye nayo, na pesa iko mkononi wakati huo. Liwe na masharti: "Ukinitumia 400,000 leo kabla ya magharibi, deni limekwisha. Ikipita leo, deni linabaki 468,000." Andika hivyo hivyo. Aliye nayo atatuma, maana amepata nafuu.

Awamu ni kwa asiye na pesa. Nazo zina masharti mawili ambayo siyaachi. La kwanza, awamu ya kwanza ilipwe hapo hapo tunapokubaliana, hata kama ni elfu thelathini. Mtu akishatoa kitu mkononi amekubali deni kwa vitendo. La pili, tuandike karatasi moja yenye jumla ya deni, tarehe za malipo na sahihi zetu, na shahidi mmoja kila upande. Karatasi hiyo ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa sheria ya ukomo wa mashauri Tanzania, madai ya mkataba yana miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi aliyoyasaini, hesabu ya miaka inaanza upya.

Wazo la riba liache. Kama hamkukubaliana mwanzoni, kuja na "asilimia kumi kwa kila mwezi uliochelewa" kunamfanya mteja aone amepata sababu ya kugombana nawe. Dai kilicho chako.

Aliyekuunganisha, au mwenyekiti wa mtaa

Kazi nyingi tunazipata kwa kuunganishwa. Fundi mwashi amekutaja, au dalali wa kiwanja, au shemeji wa mteja. Huyo ndiye wa kwanza kumwendea kabla ya ofisi yoyote, maana jina lake limo kwenye kazi hiyo na mteja bado anamhitaji. Hatakugharimu zaidi ya simu. Ubaya wake ni kwamba atawaonea aibu wote wawili na kuishia kusema "vumilianeni". Mpe kazi yenye mipaka: "Kaka, naomba umuulize tu kama anakubali imebaki 468,000, na lini anaanza."

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ana kitu ambacho huyo hana: ofisi na muhuri. Unakwenda kwenye mtaa anakoishi mdaiwa, siyo mtaa wako, unaeleza, mdaiwa anaandikiwa wito. Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu fundi vigae kwa kesi ya namna hii. Chumba kidogo, meza moja, benchi, mjumbe pembeni anaandika. Mwenye nyumba alifika amevaa kanzu, akamsalimia kila mtu, akaanza kueleza jinsi fundi alivyochelewa. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza: "Vigae viko sakafuni au haviko?" Viko. "Mnavitembelea au hamvitembelei?" Wanavitembelea. "Basi tuzungumze utalipaje." Yule bwana alilipa kwa awamu tatu.

Mwenyekiti hana nguvu ya kumlazimisha mtu alipe, wala ya kukamata mali yake. Nguvu yake ni aibu na ujirani. Kwa hiyo anafaa sana kwa mtu anayeishi pale, mwenye familia, anayeswali au kusali na majirani zake. Kwa anayejenga Goba na kuishi Mwanza, au kwa kampuni, ni kupoteza asubuhi. Lakini hata usuluhishi ukishindikana, omba nakala ya kilichoandikwa siku hiyo. Ikiwa mdaiwa alikubali kiasi mbele ya mjumbe, karatasi hiyo utakwenda nayo mbele.

Kuna wenzetu wanakimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Hiyo ni ya migogoro ya mwajiri na mwajiriwa. Wewe uliyechukua kazi kwa bei ya pointi au ya mita, unayekuja na vifaa vyako na vibarua wako, si mwajiriwa wa mwenye nyumba. Vibarua wako ndio wanaoweza kukupeleka huko wewe. Hao vibarua uwalipe hata kama wewe hujalipwa. Wao hawakuongea na mteja.

Barua: yako mwenyewe, au ya wakili

Barua uliyoandika mwenyewe inafanya kazi kuliko wengi wanavyofikiri, hasa kwa ofisi na kwa watu wanaojali jina lao. Ukurasa mmoja unatosha. Weka tarehe, kazi gani ilifanyika wapi, mlikubaliana nini, umepokea kiasi gani na lini, kiasi gani kimebaki, na siku za kulipa. Mimi natoa siku 14. Malizia kwa kusema kwamba zikipita utafungua madai mahakamani. Matusi, kejeli na historia ya mateso yako visiwemo, kwa sababu barua hiyo kesho itasomwa na hakimu. Peleka nakala mbili, moja isainiwe kwamba imepokelewa.

Ya wakili ina uzito zaidi, na utailipia. Inafaa pale deni linapokuwa kubwa kiasi kwamba malipo ya wakili ni kipande kidogo chake. Kwa deni la 468,000 siwezi kukushauri uende kwa wakili. Kwa milioni nne ya mkandarasi, ndiyo, tena mapema. Kama huna uwezo, kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia ofisi ya kata au ya maendeleo ya jamii. Wanasaidia kuandika na kuelekeza bila kukutoza.

Kabla ya kuandikia ofisi barua ya madai, hakikisha tatizo si lako. Kampuni inayotaka kwako ankara, namba ya mlipakodi (TIN) na risiti ya mashine ya kodi (EFD) haitakulipa kwa upendo. Nenda kwa mhasibu mwenyewe, muulize kwa adabu karatasi gani imekosekana. Na usishangae ukikuta pungufu: kwenye malipo ya huduma kampuni inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa hiyo kwenye 2,000,000 utapokea 1,900,000. Hapo hujadhulumiwa. Waombe cheti cha kodi hiyo, kitakufaa wakati wa hesabu zako za mwaka.

Ukiwa umefanya kazi ya halmashauri au taasisi ya serikali, utaratibu ni mwingine kabisa. Kabla ya kuishtaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Kwa fundi mmoja mmoja hiyo ni safari ndefu na ya gharama. Huko nguvu zako ziweke kwa mwenye kusaini malipo, na kwenye kuhakikisha kazi imekaguliwa na kupokelewa kwa maandishi.

Polisi au Mahakama ya Mwanzo

Deni la kazi ni suala la madai. Polisi kazi yao ni jinai, na ukienda kituoni kusema "fulani hajanilipa", jibu sahihi wanalotakiwa kukupa ni uende mahakamani. Wapo wanaopata msaada wa kumtisha mdaiwa kwa simu ya askari, najua. Lakini umemlipa nani, kwa risiti gani, na akirudi kukushtaki wewe? Polisi wanahusika pale penye udanganyifu wa kweli, mfano mteja amekuletea hati ya benki ya kughushi kuonyesha amelipa. Hilo ni kosa la jinai, peleka.

Mahakama ya Mwanzo tunaiogopa bure. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 30, kiwango kinachobeba karibu kila deni la fundi wa kawaida. Lugha yake ni Kiswahili. Huhitaji wakili, unaeleza mwenyewe. Unafungua kwenye mahakama ya eneo anakoishi mdaiwa au kazi ilikofanyika, unalipia ada ya kufungua, mdaiwa anapelekewa wito. Akipata wito na asitokee, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Mkataba si lazima uwe wa kuandikwa. Sheria inatambua makubaliano ya mdomo, ila utahitaji watu na vitu vya kuyathibitisha.

Niliwahi kumfungulia kesi mkandarasi mdogo aliyenipa umeme wa apatimenti, deni 2,300,000. Nilikwenda na daftari ambalo kila Jumamosi tulihesabu pointi pamoja naye na akasaini, meseji zake, picha za DB kabla na baada, na kijana wangu mmoja kama shahidi. Alisema hakunijua. Hakimu akamwonyesha sahihi yake. Kesi ilichukua miezi mitano kwa sababu ya kuahirishwa mara tatu, nikashinda, nikarudi nyumbani nikidhani nimemaliza.

Hapo ndipo watu wengi hawajaambiwa ukweli. Hukumu haileti pesa. Mdaiwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na asipokata wala kulipa, ni wewe unayetakiwa kurudi kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe. Unatakiwa uijulishe mahakama ana mali gani na iko wapi. Mimi nilijua ana pikapu. Dalali wa mahakama alipokwenda kuiorodhesha, pesa ilipatikana wiki ile ile. Kama asingekuwa na pikapu, au kama ingekuwa imeandikwa kwa jina la mtu mwingine, sijui ningeishia wapi. Kwa hiyo kabla ya kufungua kesi jiulize: huyu ana nini kinachoonekana? Na akiwa ni kampuni, jina lililoandikwa ukutani si lazima liwe jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ukishtaki jina lisilo sahihi, unaanza upya.

Nikilinganisha na simu au mwenyekiti, mahakama ni ya polepole, inakuvunjia uhusiano na mteja, inakula siku zako za kazi. Lakini ndiyo njia pekee kwenye orodha hii inayoweza kumchukulia mtu mali yake kihalali. Kwa mwenye uwezo asiyetaka, hakuna mbadala.

Kwa ndugu zetu wa Kenya, njia hii ni nyepesi zaidi. Wana Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021 na kuenea kwingine, ikisikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria yao inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Fundi wa Kenya anayedai laki mbili hana haja ya kuzungushwa mwaka mzima kabla ya kufikiria mahakama. Ningetamani sana na sisi tuwekewe kikomo cha siku kama hicho.

Kung'oa, kushikilia, kumwanika

Kuna mafundi wamepanda juu ya dari usiku kukata waya. Nawaelewa, na nawaomba waache. Waya ukishaingia ukutani ni sehemu ya nyumba ya mtu. Ukiingia bila ruhusa na kuharibu, wewe ndiye mwenye kesi ya jinai, na deni lako litazikwa humo. Tena umeme uliokatwa ovyo unaua mtoto wa mtu.

Kushikilia ni jambo tofauti, na hapa mafundi hatulingani. Seremala ambaye kabati bado liko karakana, fundi gari, fundi cherehani, fundi redio, hawa wana bahati. Sheria ya Mikataba inamruhusu mtu aliyekabidhiwa mali aifanyie kazi ya ufundi kuishikilia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo, kama hamkukubaliana vinginevyo. Kushikilia, siyo kuuza. Nguvu yote ya kundi hili iko kabla mali haijatoka mlangoni. Ukishapakia kabati kwenye guta kwa ahadi ya "nikifika nakutumia", umejiunga na sisi wa umeme, bomba na vigae, ambao kazi yetu inabaki kwa mteja tangu siku ya kwanza.

Sisi wa umeme tuna kitu kimoja cha mwisho: mchoro wa waya na muhuri wa mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao mteja anauhitaji ili shirika la umeme, TANESCO, wamuunganishe. Kama hajaunganishwa, hicho ndicho cha kukabidhi siku pesa inapokamilika, na mwambie hivyo tangu mnakubaliana bei ili asione umemtegea.

Kumwanika mtu kwenye makundi ya WhatsApp au Facebook, picha yake na namba yake, "tapeli huyu", kunaonekana kutamu kwa siku moja. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anayedaiwa 468,000 anaweza kukudai wewe zaidi ya hizo kwa kumchafua. Wateja wengine wanaosoma nao wanajiuliza kama kesho utawafanyia wao.

Mzee wa Goba

Taa ya barazani ilipotulia, tulikaa chini ya mwembe wake tukahesabu upya. Tulizunguka chumba kwa chumba na chaki, yeye anasoma, mimi naandika, zikafika pointi 63. Moja ya stoo ilikuwa imeachwa kwa maneno yake mwenyewe na nilikuwa nimeihesabu. Nikaitoa, deni likawa 456,000. Alitoa 100,000 pale pale, tukaandika karatasi, mkewe akasaini kama shahidi wake na kijana wangu kama wangu. Zilizobaki alilipa kwa miezi mitatu, mwezi wa mwisho alichelewa siku tisa na alinipigia mwenyewe kuniambia.

Juzi amenipigia tena, anataka taa za ukuta wa uzio, pointi 14. Nimemwambia tunagawa mara tatu: tukianza kutindua, waya zikishavutwa, na jioni taa zikiwaka tukiwa wote tumezihesabu. Amesema nije Jumatatu na daftari.